Jezi Mbili, Deni Moja

Mcheew! Hivi nani aliwaambia Waayalandi kwamba bajeti ya Marekani ni mechi ya ligi yao?

Ukitaka kusikia Bunge la Washington likichambuliwa kwa sauti ya kupasua bati, usijisumbue kukata tiketi ya ndege. Nenda Drumcondra, kaskazini mwa Dublin, siku yenye mechi Croke Park. Uwanja ule unaingiza watu 82,300, na wakimwagika mitaani wote wana kiu. Ingia baa yoyote ya jirani, agiza hata soda, kaa pembeni. Kwanza atasulubiwa refa, yeye na ukoo wake. Kisha televisheni ya ukutani itamwonyesha Trump akisaini kitu kwa ile kalamu yake nene, na hapo ndipo mechi yenyewe inapoanza. Kijana wa jezi ya Dublin atasema Warepublican ndio walioikomba hazina. Mzee wa Mayo mwenye skafu ya kijani na nyekundu atamwambia nyamaza wewe mtoto, Biden alikopa mpaka akaona haya. Wa tatu, ambaye hakuulizwa, ataleta habari za Reagan. Trilioni zinarushwa humo ndani kama njugu.

Sisi wa kijiwe cha kinyozi, nyuma ya Moore Street, tunalijua gumzo hilo. Tuna wa Dar, tuna wa Mombasa, na tuna ndugu yetu mmoja wa Goma ambaye hafungui mdomo mpaka kahawa ya pili. Na tumeshakubaliana: hawa jamaa wana haki ya kulizungumza deni la Marekani kuliko watu wengi duniani. Kinachotuudhi ni kwamba wanalizungumza vile vile wanavyomzungumza refa.

Msidhani wamelidandia tu. Hebu uangalieni uwanja wenyewe. Chama chao cha michezo ya asili, GAA, kilichozaliwa Thurles mwaka 1884, kiliufungia Croke Park dhidi ya soka na raga kwa sababu ilikuwa michezo ya Mwingereza. Kanuni ililegezwa 2005, na mechi zenyewe zikaanza 2007. Lakini Mmarekani? Mmarekani aliingia 1997 na mpira wake wa kofia ngumu, Pittsburgh Steelers na Chicago Bears, na hakuna aliyekunja uso. Soka marufuku, Steelers karibu! Hapo mimi nasonya mpaka shingo inauma.

Na Steelers hao hao wakarudi Septemba 28, 2025, safari hii kwa mechi ya ligi yenyewe, wakawafunga Minnesota Vikings 24-21. Timu ni ya ukoo wa Rooney, Wamarekani wenye asili ya Ayalandi. Mmoja wao, marehemu Dan Rooney, alikuwa balozi wa Marekani hapa Dublin kuanzia 2009 hadi 2012, aliyeteuliwa na Obama. Mnaona basi? Mwenye timu ni balozi, balozi ni mwenye timu. Utamkatazaje shabiki asichanganye mpira na siasa wakati waliomtangulia walishachanganya zamani?

Wageni hawajamaliza hata kufungasha mabegi, Oktoba 1 serikali yao ikafunga ofisi. Bunge lao, Congress, halikuelewana juu ya fedha za matumizi, na milango ikabaki imefungwa siku 43, ambazo hazikuwa zimewahi kutokea katika historia yao. Katikati ya siku hizo, Novemba 1, mashabiki wa raga wa Ayalandi wakapanda ndege kwenda Chicago kuangalia timu yao ikicheza na New Zealand pale Soldier Field. Waongozaji wa ndege wa Marekani walikuwa wanafanya kazi bila mshahara. Jamaa wakatua salama, wakafungwa 26-13, wakarudi wakiwa wataalamu wa mambo ya fedha za umma. "Nilikuwepo," anakwambia. Ulikuwepo wapi, kaka? Ulikuwepo kwenye baa ya Chicago.

Chicago hiyo ina historia yake kwao. Novemba 5, 2016, siku tatu kabla ya Trump kumshinda Hillary Clinton, Ayalandi iliifunga New Zealand kwa mara ya kwanza tangu zianze kukutana, na zilianza kukutana 1905. Ilikuwa 40-29. Katika kikosi alikuwemo Rob Kearney, ambaye ana undugu wa mbali na Joe Biden. Sasa Biden alipokuja Ayalandi Aprili 2023 akasimama kwenye baa moja ya Dundalk kumsifu nduguye. Alitaka kusema kijana aliwachapa All Blacks, jina la timu ya New Zealand. Akasema aliwachapa Black and Tans! Hao walikuwa askari wasaidizi wa Mwingereza waliochoma miji ya Ayalandi mwaka 1920 na 1921. Baa nzima ilicheka. Ikulu ya Marekani ilihangaika kusafisha maneno, Waayalandi wala hawakutaka yasafishwe. Kwa wengi wao lile lilikuwa jambo la maana kuliko yote aliyoyasema katika ziara nzima.

Hata kamari wanaichezea huko huko. Oktoba 2016 kampuni yao ya kubeti, Paddy Power, iliona Clinton ameshashinda, ikawalipa wateja wake zaidi ya dola milioni moja kabla kura hazijapigwa. Wiki tatu baadaye ikawalipa na wa Trump. Kinyozi wetu akisimulia hili huwa anazima mashine kabisa ili acheke vizuri.

Haya, deni lenyewe. Clinton mume alipoondoka Januari 2001 lilikuwa dola trilioni 5.7 hivi, na bajeti ilikuwa na ziada. Ndiyo, ziada, kwa miaka minne mfululizo, na haijaonekana tena. Bush akapunguza kodi, akaingia vita viwili, mabenki yakaanguka mikononi mwake, akaliacha deni kwenye 10.6. Obama akaliacha karibu na 20. Trump wa kwanza akapunguza kodi za makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, ikaja korona, akaondoka likikaribia 28. Biden akaliacha juu ya 36. Trump wa pili hakuwa amemaliza hata mwaka, Oktoba 2025 likapita 38.

Sasa mniambie, katika orodha hiyo ni chama gani kilichokuwa kinarudisha pesa? Kijana wa Dublin anawahesabia Warepublican mabao yao na kuruka ya wenzao. Mzee wa Mayo anafanya kinyume chake. Wote wawili wana tarakimu sahihi mdomoni! Hiyo ndiyo inayonikera. Wanazipanga tu kwa kufuata jezi. Na mzee, kwa kweli, naanza kumwelewa: timu yake ya mpira wa Kigaeli haijabeba kombe la taifa tangu 1951, imefika fainali ikapoteza, imefika tena ikapoteza tena, na sehemu ya asili ya Biden ni Ballina, huko huko Mayo. Mtu wa namna hiyo ana hasira za kugawa.

Mfano mkubwa wa jezi kuliko wote ni Mick Mulvaney, na huyu ni mtu wao, babu zake ni wa Mayo. Aliingia Congress na wimbi la uchaguzi wa 2010, lile la watu waliolichukia deni mpaka wakawa tayari nchi ishindwe kulipa. Mwaka 2017 Trump akampa bajeti yote aisimamie. Mwaka wa fedha 2019 nakisi ilikaribia dola trilioni moja, uchumi ukiwa mzuri, hakuna vita mpya, hakuna korona bado. Kisha 2020 akatumwa kuwa mjumbe maalumu wa Marekani huko Ayalandi Kaskazini. Alipokuwa upinzani deni lilikuwa moto wa jehanamu. Alipokabidhiwa funguo likawa joto la kawaida.

Na ule ukomo wa deni wanaougombania kila mara, watu wengi baani wanadhani ni kizuizi cha matumizi. Siyo. Congress inaidhinisha matumizi, inapunguza kodi, pengo linatokea. Halafu Congress hiyo hiyo inaulizwa kama inaruhusu hazina ikope kuziba pengo ambalo yenyewe imelichimba. Ni mtu amekwisha kula hotelini, mhudumu kaleta bili, ndipo anaanza kujadili kama ana njaa. Mwaka 2011 waliujadili huo mpaka Agosti, wakala wa Standard & Poor's akaishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la kuaminika kulipa madeni. Mawakala wenzake wakafuata, Fitch 2023, Moody's Mei 2025.

Na hapo 2011 pana kisa ambacho sisi wa Afrika Mashariki tunakidai sehemu yetu. Mei 16 mwaka huo Marekani iligusa ukomo wake. Wiki moja baadaye Obama, mtoto wa baba wa Kogelo, alikuwa Moneygall, kijiji kidogo cha kaunti ya Offaly alikotoka babu wa baba wa babu yake upande wa mama, kashika glasi ya Guinness. Waayalandi wakati huo walikuwa chini ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Mdaiwa mkubwa na mdaiwa mdogo wakagongeana glasi, watu wakashangilia. Leo kuna kituo cha mafuta kando ya barabara kuu pale, kinaitwa Barack Obama Plaza. Kogelo mna nini cha hivyo? Tuliache.

Mpaka hapa nimewasema sana, na lazima niseme kwa nini midomo yao ina moto. Hawa watu deni limewahi kuwaingia chumbani. Mwaka 2007 deni la serikali yao lilikuwa kama robo tu ya pato la taifa. Safi kabisa, mfano wa kuigwa, walisifiwa kila mkutano. Lililokuwa limeoza ni mabenki, yaliyokopesha wajenzi wa nyumba kana kwamba Dublin ingehamiwa na China nzima. Usiku wa Septemba 29 kuamkia 30, 2008, serikali ikayadhamini madeni ya mabenki sita. Usiku mmoja! Kuyaokoa kukaja kugharimu euro bilioni 64. Mwaka 2010 peke yake nakisi ilifika asilimia 32 ya pato la taifa, tarakimu ambayo ukimwonyesha mchumi anadhani umekosea kuandika.

Novemba mwaka huo, rais wa Benki Kuu ya Ulaya, Jean-Claude Trichet, alimwandikia barua waziri wa fedha, Brian Lenihan. Kwa lugha ya kijiweni: omba msaada kwa maandishi au tunazifungia benki zako bomba. Msaada ukaombwa. Ukapangwa mfuko wa euro bilioni 85, na katika hizo bilioni 17.5 walizitoa wenyewe, zikiwemo za akiba ya pensheni za taifa. Yaani unaokolewa, na sehemu ya kamba unaambiwa uje nayo kutoka kwako.

Ikaja kodi mpya juu ya mishahara, ikaja kubana matumizi, vijana kwa maelfu wakaondoka kwenda Australia na Kanada. Ukimuuliza mzee wa kijijini deni ni nini, hakutajii asilimia. Anakutajia kwamba klabu yake ya GAA ilishindwa kupata wachezaji kumi na watano, ikaungana na ya kijiji jirani, kijiji ambacho walikuwa hawasalimiani nacho tangu enzi za babu. Huo ndio uchumi anaoujua. Na wakiudhika, wanatania: kwenye Kombe la Mataifa ya Ulaya 2012 huko Poland walitundika bendera ya kumtania kansela wa Ujerumani: Angela Merkel anadhani tuko kazini. Siku kumi kabla ya mechi yao ya kwanza walikuwa wamepiga kura kukubali mkataba wa Ulaya wa kubana bajeti. Wakafungwa na Croatia, wakafungwa na Hispania 4-0, wakafungwa na Italia, na hizo nne za Hispania zilipokamilika ndipo wakaimba kwa sauti kuliko walioshinda. Sikilizeni, hapo siwasonyi. Hapo nawavulia kofia.

Lakini maumivu yale ndiyo yanayowapoteza wakirudi kwa Mmarekani. Mzee wa Mayo anagonga meza: "Siku moja IMF watawafuata Washington!" Mzee wangu, shikamoo, IMF wako Washington. Makao makuu yao ni mwendo wa miguu tu kutoka Ikulu.

Sisi tunasema dawa ya deni kulipa. Kwa mimi na wewe ni kweli, kwa Ayalandi ya 2010 ilikuwa kweli, kwa sababu walikopa kwa fedha wasiyoitengeneza. Euro inatoka Frankfurt. Mmarekani anakopa dola, na dola ni yake. Hati fungani za zamani zinapoiva anazilipa kwa kuuza mpya, na dunia imekuwa ikizinunua, kwa sababu ikiogopa huwa haina pa kukimbilia palipo pakubwa kama hapo. Kwake shida haiji kwa barua ya Trichet. Inaingia polepole, kwa riba. Mwaka wa fedha 2024 riba peke yake ilipita bajeti ya ulinzi, ya jeshi lile kubwa kuliko yote. Kila dola ya riba ni dola ambayo haijengi daraja wala kulipia hospitali, na hailipwi na Warepublican wala Wademocrat, inalipwa na mlipa kodi. Hilo sijalisikia baani hata siku moja. Nimesikia tu nani mwizi.

"Sasa kaka," akauliza ndugu yetu wa Goma, kahawa ya pili ikiwa mkononi, "hizo pesa nani anawadai Wamarekani?"

Aa, hilo ndilo swali! Wengi wa wadai ni Wamarekani wenyewe, mifuko yao ya pensheni na benki zao. Nje wako Japani, Uingereza, China. Teremka kidogo katika orodha ya hazina yao utamkuta nani? Ayalandi. Hati fungani za zaidi ya dola bilioni 300 zimeandikwa hapa, nchi ya watu milioni tano na ushee. Si kwamba serikali ya Dublin imejinyima ikazinunua. Ni mifuko ya uwekezaji ya kimataifa iliyosajiliwa hapa kwa sababu ya sheria na kodi. Hata hivyo makarani wake, mawakili wake, wahasibu wake wako hapa, na jioni wanavaa jezi wanakwenda baa kulishangaa deni la Marekani.

Ongezeni na kodi. Mwaka 2014 kodi ya makampuni iliwaletea chini ya euro bilioni 5. Mwaka 2024, ukiziweka kando fedha za Apple zilizotokana na hukumu ya mahakama ya Ulaya ya Septemba mwaka huo, iliwaletea karibu bilioni 28, na sehemu kubwa inatoka kwa kampuni chache za Kimarekani, za dawa na za kompyuta. Ndiyo maana wao wana ziada. Faida nyingi ambayo ingetozwa kodi Marekani inatozwa hapa, kidogo. Wanayemcheka kwa kukosa pesa ni yule yule ambaye kodi yake wameipokea wao. Nyani haoni kundule.

Na jezi! Jezi yenyewe ya kijana wa Dublin. Hebu muangalieni vizuri kifuani, kama ni ya miaka ile ya ushindi, mataji sita mfululizo kuanzia 2015 hadi 2020. Pameandikwa AIG. Kampuni ya bima ya New York, ambayo Septemba 2008 ilikuwa imekwisha, na serikali ya Marekani ikaiwekea hadi dola bilioni 182 isizame. Iliwekewa na Bush, Mrepublican. Ikaendelea kushikiliwa na Obama, Mdemocrat. Ilimaliza kulipa mwishoni mwa 2012, na mwaka uliofuata ikatia saini udhamini wa timu za Dublin. New Zealand nao waliivaa, hata siku ile walipofungwa Chicago. Kijana anapiga kelele Washington iache kuwabeba wafanyabiashara, na aliyebebwa yuko kifuani mwake!

Nilimweleza hivyo Jumapili moja, kwa upole. Akajiangalia kifuani. Akaniambia hayo ni mambo ya zamani, kisha akanirudia kwa swali, na kijiwe kizima siku ya pili kiliniuliza hilo hilo: "Na wewe mwenyewe, unashangilia chama gani huko Marekani?"

Mimi? Mshahara wangu unaingia tarehe 28, na aliyeuidhinisha anaamka masaa nane baada yangu, huko California. Nikamnunulia kijana kinywaji, tukarudi kwa refa.